Maficho Yaliyo Chini ya Kiuno: Kutunza Msitu Mdogo kwa Ajili ya Ndege wa Kuwindwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wamiliki wa misitu midogo, wawindaji wenzangu, mabibi na mabwana.

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia kazi ambayo wengi wetu tunaifanya kwa mikono yetu wenyewe lakini ni mara chache tunaijadili kwa kina, yaani kukitunza kipande kidogo cha msitu ili ndege wa kuwindwa wapate humo mahali pa kujificha, pa kuatamia na pa kulea vifaranga. Nazungumzia misitu midogo kwa makusudi, ile ya hekta moja, mbili, au pengine kumi, ambayo mwenyewe anaweza kuizunguka kwa miguu asubuhi moja. Mwenye msitu mkubwa akiharibu pembe moja, ndege watahamia nyingine. Mwenye msitu mdogo hana nafasi hiyo, na kila mti anaouangusha au anaouacha unabadilisha maisha ya ndege waliomo.

Tuanze na ndege wenyewe. Kwale, kanga, kororo, tombo na fezanti wanatofautiana sana kwa umbo na kwa nchi wanakopatikana, lakini wote wanaishi kwa miguu. Chakula chao wanakichakura ardhini, mayai yao wanayataga ardhini, na wanaposhtuka hupenda kukimbia kwanza na kuruka baadaye, tena masafa mafupi yenye kutumia nguvu nyingi. Baadhi yao hupanda mtini jioni ili kulala, na hapo ndipo haja yao ya matawi ya juu inapokomea. Kwa hiyo msitu wa ndege hawa ni ule ulio chini ya kiuno cha mtu mzima, na sehemu yote ya juu, pamoja na mashina makubwa tunayoyaonea fahari, inawahusu kwa kadiri tu inavyoisaidia au kuidhuru ile mita moja ya chini.

Msitu ulioachwa miaka mingi bila kuguswa, ambao matawi ya juu yameshikana mti kwa mti, humdanganya mwenye nao. Ukiutazama ukiwa nje, unaonekana mzito na wenye siri nyingi. Ukiingia ndani, ukapiga goti na kuteremsha macho yako mpaka urefu wa kanga, unaona habari nyingine: mashina matupu yaliyosimama kama nguzo, majani makavu yaliyotandazwa, matawi ya chini yaliyokufa kwa kukosa mwanga, na mwangaza wa shamba la upande wa pili ukionekana bila kizuizi. Upepo unapita humo bila kuzuiwa, na mbweha akiingia kwa upande mmoja humwona ndege aliye upande wa pili. Ndege hawakai mahali pa namna hiyo hata kama chakula kipo, na mwenye msitu hubaki akiwalaumu wawindaji wa jirani, mwewe au hali ya hewa.

Kuna kipimo rahisi ambacho ningependa kila mmoja wetu akitumie kabla ya kushika shoka. Chukua ubao wenye urefu wa mita moja hivi, upake chokaa au rangi nyeupe, kisha uugawanye kwa mistari myeusi katika sehemu nne zinazolingana. Mtu mmoja ausimamishe ardhini ndani ya msitu, na wewe urudi nyuma hatua kumi na tano, upige goti, uutazame, kisha uandike ni sehemu ngapi zimefichwa na mimea. Rudia kazi hiyo katika maeneo mbalimbali ya msitu, na yawekee alama ili uyarudie mwakani katika mwezi uleule. Mahali ambapo ubao wote unaonekana hapana maficho, hata kama jua haligusi ardhi. Mahali ambapo sehemu mbili za chini zimefichika na za juu zinaonekana kidogo, kanga anaweza kutembea asionekane, huku akiweza kuinua shingo na kuona kinachokuja. Na mahali ambapo hata mkono wako haupiti pana mashaka yake, kama nitakavyoeleza baadaye, kwa sababu kifaranga naye anahitaji njia.

Kinachoijaza ile mita moja ya chini ni mwanga wa jua, na mwanga huo haupatikani bila kukata. Najua kwamba wapo miongoni mwetu wanaosikia uchungu kuukata mti mzima wenye afya, na uchungu huo nauheshimu. Mwaka 1933 Mmarekani Aldo Leopold, ambaye mwaka huohuo alikuwa profesa wa utunzaji wa wanyama wa kuwindwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliandika kwamba wanyama hao wanaweza kurejeshwa kwa zana zilezile zilizowaangamiza, nazo ni shoka, plau, ng'ombe, moto na bunduki. Shoka limetajwa la kwanza, na katika msitu mdogo naamini linastahili nafasi hiyo, mradi linatumika kidogo kidogo na kwa mpango.

Uwazi unaofunguliwa usiwe mdogo mno. Ukiangusha mti mmoja hapa na mwingine kule, majirani zake watanyoosha matawi na kuliziba pengo katika miaka michache, na machipukizi yaliyokuwa yameanza kuinuka yatakufa chini yao. Uwazi ambao upana wake unakaribia urefu wa miti iliyouzunguka, au unafika mara moja na nusu ya urefu huo, hupata jua la kutosha kuotesha nyasi, mimea ya maua na vichaka. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua hupita upande mmoja wa anga, njia iliyokatwa kutoka mashariki kwenda magharibi hupata mwanga mwingi kuliko ile iliyokatwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na ni vyema kulizingatia jambo hilo unapochora ramani. Karibu na ikweta tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo angalia zaidi upepo mkuu unatoka wapi, ili njia yako isiwe mfereji wa kuupitisha moja kwa moja hadi katikati ya msitu.

Baada ya kuchagua ukubwa wa uwazi, linalofuata ni zamu, yaani kukata kipande kimoja baada ya kingine kwa vipindi, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa katika zamu ndimo msitu mdogo unapopata nguvu zake. Kipande kilichokatwa hupita katika hali kadhaa: mwaka wa kwanza na wa pili ni nyasi na mimea laini yenye wadudu wengi, miaka inayofuata ni vichaka na machipukizi yaliyosongamana, ambayo ndiyo maficho bora, kisha mashina machache hushinda mengine, matawi hushikana juu, na chini huanza kuwa tupu tena. Hakuna hata moja kati ya hali hizo inayomtosheleza ndege kwa mwaka mzima. Katika misitu ya mipopla, miti ya majani mapana, ya Amerika Kaskazini anaishi ndege mmoja wa jamii ya kwale ambaye dume lake hupiga mabawa juu ya gogo kumwita jike, na watafiti wake walionyesha wazi kwamba huuhitaji mpopla katika umri tofauti tofauti: mipopla michanga iliyosongamana kwa ajili ya vifaranga, ile ya umri wa kati kwa maficho ya dume na jike, na mikubwa kwa ajili ya vichipukizi vya maua anavyokula majira ya baridi. Ndege huyo haruki mbali kwenda kutafuta hali hizo, kwa hiyo ni lazima zikae jirani.

Sisi wenye misitu midogo tunaweza kufuata mantiki hiyohiyo. Tuseme una hekta nne. Ukizigawa katika vipande vinane vya nusu hekta na kukata kipande kimoja kila baada ya miaka miwili, utarudi kwenye kipande cha kwanza baada ya miaka kumi na sita, na wakati wowote katikati ya hapo utakuwa na nyasi changa, vichaka vinavyoinuka, vichaka vilivyoiva na miti michanga, vyote ndani ya mwendo wa dakika chache kwa ndege anayetembea. Vipande visifuatane kwa mstari. Kata kimoja upande huu na kinachofuata upande wa pili, ili kila uwazi mpya upakane na maficho yaliyokwisha kukomaa. Ikiwa miti yako hukua haraka, fupisha zamu. Ikiwa hukua polepole, irefushe. Na ule ubao mweupe utakwambia ni lini kipande kimeanza kuwa kitupu.

Zamu hii inategemea visiki vinavyochipua. Miti mingi ya majani mapana huchipua ikikatwa ingali michanga au ya umri wa kati, ilhali misonobari mingi na jamaa zake haichipui kabisa, na aliye na msitu wa misonobari atalazimika kupanda vichaka ndani ya nafasi anazozifungua. Kisiki kikatwe chini, karibu na ardhi, kwa msumeno au shoka kali lisilochana gamba, na uso wake uwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame juu yake na kukiozesha. Msimu wa kukata ni ule ambao mti umepumzika na ndege hawaatamii. Kwale au kanga aliye juu ya mayai hutulia kimya mpaka mguu wako unapokaribia kumkanyaga, na kiota kilichofunguliwa kwa ghafla kwenye jua, hata kama hakikuguswa, ni chepesi kuonwa na kunguru.

Adui mkubwa wa machipukizi ni mdomo. Mbuzi, ng'ombe, paa na kulungu hupenda majani laini kuliko kitu chochote, na kisiki kinachoguguniwa mwaka hadi mwaka mwishowe hufa. Nawasihi msikate kipande chochote kabla hamjajua mtakizuiaje. Uzio ni bora zaidi, lakini katika eneo dogo hata matawi yenyewe yaliyokatwa, yakisukwa na kurundikwa juu ya visiki, yanaweza kuzuia midomo kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Matawi mengine yawekwe katika malundo machache, yakianzia na magogo manene chini yaliyoachana kwa nafasi ya kupenya ndege, kisha matawi membamba juu yake. Lundo la namna hiyo hutoa kimbilio siku ileile lilipojengwa. Tatizo ni kwamba nguchiro na kicheche nao hulipenda, kwa hiyo silipendekezi karibu na mahali ndege wanapoatamia.

Iko njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa vichaka virefu vilivyopoteza matawi ya chini. Shina jembamba hukatwa kwa mteremko mpaka limebakiwa na ukanda wa gamba na mti hai upande mmoja, kisha hulazwa taratibu. Kwa kuwa maji na chakula bado vinapita kwenye ukanda ule, shina lililolala huendelea kuishi na kutoa machipukizi wima katika urefu wake wote, na kile kilichokuwa juu ya kichwa chako sasa kimekuwa maficho hai ya urefu wa goti. Mashina manene yasilazwe hivyo, maana hupasuka kwa nguvu na kumrukia mkataji, na watu wameumia vibaya kwa ajili hiyo.

Nije kwenye ukingo wa msitu, ambao kwa ndege hawa ndio wenye thamani kuliko katikati. Msitu wa hekta moja wenye umbo la mraba, mita mia kwa mia, una ukingo wa mita 400. Hekta hiyohiyo ikiwa ukanda wa mita 20 kwa 500, ukingo wake unafika mita 1,040. Hesabu hiyo imewashawishi wengi kupanda kanda nyembamba mno, na nadhani wamekwenda mbali kupita kiasi, kwa kuwa mnyama mwindaji huupekua ukanda mwembamba kwa safari moja tu, na upepo huupenya wote. Mwenye mraba wake asisononeke. Anaweza kuurefusha ukingo kwa kuukata uwe na vighuba vinavyoingia ndani na kutoka, na kila kighuba kitatega jua na kukinga upepo, na humo ndege watapenda kuota jua asubuhi zenye baridi.

Ukingo mzuri hupanda kwa ngazi. Nje kabisa, upande wa shamba, pawe na ukanda wa nyasi ndefu zinazoota kwa mashungi, maana shungi la mwaka jana lililokauka ndilo linaloficha kiota cha mwaka huu. Nyuma yake vichaka vyenye matunda na miiba. Na nyuma ya vichaka, miti. Shamba likilimwa hadi kwenye mashina, ngazi mbili za kwanza zinapotea, na pamoja nazo ndege. Ngazi hizi pia huukata upepo vizuri. Kinga ya miti inayopitisha sehemu ya upepo hupunguza kasi yake kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake na hata zaidi, ilhali kinga iliyozibwa kabisa kama ukuta huurusha upepo juu, nao huanguka upande wa pili ukiwa na msukosuko.

Sasa turudi kwa kifaranga na njia yake. Vifaranga wa ndege hawa huondoka kiotani saa chache tu baada ya kuanguliwa, wakiwa bado hawawezi kujipatia joto la kutosha, na katika majuma ya kwanza chakula chao hasa ni wadudu, kwani mbegu hazina protini ya kuwatosha kukuza misuli na manyoya. Huko Sussex, Uingereza, uchunguzi wa kwale wa kijivu ulioongozwa na Dick Potts kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba dawa za kuua magugu na wadudu mashambani zilikuwa zikiwanyima vifaranga chakula, nao wakafa kwa wingi bila mtu kuwapiga risasi. Kwa hiyo ukanda wa nyasi kando ya msitu wako usipuliziwe dawa, na shamba linalopakana nao, kama ni lako, liachiwe mita chache za pembezoni bila dawa. Tena, maficho ya vifaranga yawe na dari juu na sakafu wazi chini. Mimea iliyosongamana hadi ardhini huwalowesha kwa umande na mvua, na kifaranga aliyelowa hufa kwa baridi akiwa amezungukwa na chakula. Palipo na vijia vyembamba vya udongo mkavu katikati ya mashungi, vifaranga hupita, hukauka, na wazazi wao hupata mahali pa kuoga vumbi.

Moto nao una nafasi yake katika jambo hili, japo nautaja kwa tahadhari. Mwaka 1924 Herbert Stoddard alianza kuwachunguza tombo katika misitu ya misonobari ya kusini mwa Georgia na kaskazini mwa Florida, wakati ambapo wataalamu wa misitu wa Marekani waliuhesabu kila moto kuwa ni uharibifu. Alichokiona ni kwamba palipozuiwa moto, nyasi zilizolala na vichaka viliisonga ardhi mpaka tombo wakakosa pa kutembea, na alipotoa matokeo yake mwaka 1931 alitetea uchomaji mdogo unaosimamiwa. Hata hivyo misitu ile ilizoea moto tangu zamani. Msitu ambao miti yake ina gamba jembamba na visiki vyake ni vya kuchipua hauwezi kuvumilia hali hiyo, na katika hekta mbili zenye majirani pande zote, fyeko na panga hufanya kazi ileile bila kumhatarisha mtu. Mimi ningechagua fyeko.

Kuhusu wanyama wanaowala ndege hawa, msimamo wangu ni kwamba maficho yatangulie mitego. Kipanga hutumia mti mkavu mrefu ulio peke yake karibu na uwazi kama kituo cha kuangalia, kwa hiyo unapofungua kipande kipya, usiache mti wa namna hiyo katikati yake. Ule ulio ndani ya msitu mzito uache, kwa sababu ndege wengi wengine hutoboa viota humo. Mbwa na paka wanaozurura bila wenyewe wazuiwe. Sumu isitumike kamwe. Humuua aliyekusudiwa na asiyekusudiwa, na tai mzoga anayekula mzoga wenye sumu hufa naye, na mimi siwezi kumwita mtunzaji mtu yeyote anayefanya hivyo, hata awe na kwale wengi kiasi gani.

Yapo pia maficho ya kishawishi. Vichaka vya lantana, na katika nchi za baridi vya rododendroni, huenea haraka, hubaki na majani, na ndege huingia humo kweli. Baada ya miaka michache mmea huo umefunika kila kitu, hakuna nyasi, hakuna miche ya miti, na wadudu wamepungua. Ukiwa nao, usiung'oe wote kwa mara moja, maana utawaacha ndege uchi. Ng'oa kwa vipande na upande vichaka vya asili katika kila nafasi kabla ya kuendelea na nyingine.

Nao wanaofikiria kununua ndege waliofugwa na kuwaachia msituni, nawaomba wasubiri. Ndege wengi wakikusanywa mahali padogo hukanyaga na kuchakura mimea ya chini mpaka ardhi ibaki tupu, na kinyesi chao hubadilisha rutuba ya udongo, hivyo maficho yaliyojengwa kwa miaka mingi huharibika katika msimu mmoja. Uwindaji wenyewe ufuate sheria na misimu ya mahali mlipo, uanze baada ya kuhesabu ndege na si kabla, na sehemu moja ya msitu, iliyo nene kuliko zote, isiingiwe na mwindaji wala mbwa mwaka mzima.

Kwa yule atakayeanza msimu huu, ningeshauri kazi iende kwa mpangilio huu. Kwanza ubao mweupe na ramani, kisha uzio, kisha ukanda wa nyasi nje ya ukingo, ambao hauhitaji zaidi ya kuacha kulima na kukata. Baada ya hapo ndipo kipande cha kwanza kikatwe, kikiwa upande unaopata jua zaidi na unaopakana na chakula. Cha pili kisiguswe mpaka machipukizi ya kile cha kwanza yamepita kimo ambacho mbuzi au paa anakifikia kwa mdomo, kwa maana ukifungua viwili kabla ya kimoja kupona, ndege watakosa pa kuingia kwa msimu mzima, na huenda wakazoea kwa jirani.

Asanteni kwa kunisikiliza.